Barua yenye muhuri humfikia mbunge kuliko jumbe elfu za WhatsApp

Mhariri,

Kila suala linapochacha, namba za simu za wabunge husambazwa WhatsApp na wananchi huhimizwa wawapigie. Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipokuwa mbele ya Bunge la Kenya, simu zao zilifurika jumbe. Hata hivyo, mnamo Juni 25 mswada ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106, na kilichomfanya Rais akatae kuutia saini kesho yake ni maandamano, si jumbe zile. Ujumbe ulionakiliwa mara elfu, mbunge huuona kuwa ni mmoja, tena wa watu asioweza kujua kama ni wapiga kura wake au la.

Anayetaka jambo lake lishughulikiwe ajue kwanza ni la nani. Jedwali la Nne la Katiba limegawa majukumu. Maji, zahanati, masoko, chekechea, taa za mitaani na barabara za mashinani ni kazi ya kaunti, kwa hivyo mwenye hoja hiyo amwandikie mwakilishi wadi, yaani mjumbe wa wadi yake katika bunge la kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi, barabara kuu na sheria za nchi ni za mbunge. Seneta hana hazina ya kujenga darasa wala kuchimba kisima. Yeye hufuatilia jinsi kaunti zinavyotumia fedha zinazotoka Nairobi, basi mpelekee ushahidi wa mradi uliolipiwa na haukukamilika. Barua kuhusu ukosefu wa dawa zahanatini ikipelekwa kwa mbunge, itapokewa kwa tabasamu na iishie hapo.

Kisha kuna tarehe, na hapa ndipo wengi hupotea. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Serikali ya kaunti hutakiwa kufikisha mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata kwenye bunge lake kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka kiwango cha kila idara, hufuata kufikia Februari 28, na bunge hilo lina siku 14 tu kuupitisha. Makadirio yenyewe ya bajeti huwasilishwa kufikia Aprili 30. Sisi huandika Mei, masika yakishakata barabara, wakati kiwango cha fedha cha kila idara kimeshawekwa tangu Machi. Mwezi huo mwakilishi wadi akikuahidi barabara mpya, anakuahidi fedha asizo nazo. Barua ya Julai au Agosti ndiyo hukuta mpango ukiwa bado unaandikwa.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Mwanzoni taja wadi, kijiji na jambo lenyewe, kisha tatizo kwa hesabu: wanafunzi wangapi, kilomita ngapi, tangu lini. Halafu ombi moja, si matano. "Mheshimiwa, tukumbuke na barabara yetu" si ombi, kwa kuwa hakuna awezaye kusema limetimizwa au limekataliwa. "Tunakuomba uhakikishe kalvati mbili za barabara ya sokoni, pale mto unapoikata, zinaingizwa kwenye mpango wa maendeleo wa Septemba" ni ombi. Kwa mbunge, lipo moja lenye nguvu ambalo halimgharimu hata shilingi: mtake amwulize waziri swali bungeni. Swali na jibu lake huingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, na mwakani unaweza kumwonyesha waziri maneno yake mwenyewe.

Chapisha nakala mbili. Moja ibaki kwenye ofisi ya mheshimiwa mashinani. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, iandikwe tarehe na jina la aliyeipokea. Wakisema muhuri haupo, mpokeaji aandike kwa mkono na atie saini. Bila hiyo, ukirudi baada ya wiki tatu utaambiwa hakuna barua iliyofika, na hutakuwa na la kujibu. Matangani na kwenye harambee ni mahali pa kusalimiana. Pale mheshimiwa huwaambia watu arobaini "tutaliangalia" kabla hajapanda gari, na msaidizi wake haandiki chochote.

Jambo likihitaji sheria au uchunguzi wa Bunge, barua haitoshi. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi, bungeni, na utaratibu wake uko kwenye sheria ya 2012. Huhitaji wakili wala maelfu ya saini. Mtu mmoja anatosha. Iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila kufutafuta. Ieleze ni ofisi gani zilizoendewa kwanza na zilijibu nini, iseme kama suala liko mahakamani, na imalizie kwa kutaja bayana Bunge linaombwa lifanye nini.

Ardhilhali nyingi hukwama kwenye karatasi za saini. Sheria inataka jina, anwani, nambari ya kitambulisho na saini au alama ya kidole gumba, vyote viwekwe moja kwa moja kwenye ardhilhali yenyewe, na kila ukurasa uonyeshe mada. Watu huchukua orodha ya mahudhurio ya baraza, wakaikata na kuibandika nyuma. Hiyo haikubaliki, hata kama kila aliyetia saini anaunga mkono kwa dhati.

Mbunge akikataa kuiwasilisha, ipeleke mwenyewe kwa Karani wa Bunge la Taifa, S.L.P. 41842-00100, Nairobi. Ana siku saba za kuikagua kama imetimiza masharti. Ikirudishwa, uliza kwa maandishi ni sharti gani lililokosekana, irekebishe, uipeleke tena.

Msomaji wenu,
Kilifi