Malalamiko kuhusu jozi 12 za mabuti ya machimbo yanayovuja

Kikundi cha wachunguzi wa machimbo ya kale,
Malindi, Kaunti ya Kilifi.

Kwa Meneja wa Mauzo,

MINT: KUREJESHEWA FEDHA ZA MABUTI YA NGOZI YA S3

Tunadai turejeshewe fedha za jozi 12 za mabuti tuliyonunua kwenu. Orodha yenu ya bidhaa iliyaeleza kuwa hayapitishi maji na kwamba ni ya kuingilia machimbo ya kale ya chini ya ardhi. Tulipolalamika kwa simu mlijibu kuwa maji yaliingilia juu, shingoni mwa buti, na kwa hivyo kosa ni la mvaaji. Jibu hilo si sahihi, na shahidi wa kwanza ni lebo iliyoshonwa kwenye ulimi wa kila buti.

Lebo imeandikwa EN ISO 20345:2011, kisha S3 SRC. Katika kiwango hicho cha viatu vya usalama, S3 ni buti la ngozi au kitambaa lenye kofia ya vidole inayohimili pigo la jouli 200, kinga ya misumari ya nyutoni 1,100, soli yenye meno, na ngozi ya juu iliyofaulu kipimo cha WRU. Kipimo hicho hakipimi buti zima. Hukatwa kipande cha ngozi, kikakunjwa-kunjwa kwenye mashine kikiwa majini kwa dakika 60. Kikipitisha maji yasiyozidi gramu 0.2 na kunyonya yasiyozidi asilimia 30, kimefaulu. Mishono haimo. Ulimi haumo. Pale soli inapokutana na ngozi hapamo. Buti lililopimwa zima kwa kutembezwa majini huandikwa WR, na herufi hizo hazipo hata kwenye jozi moja kati ya zote 12. SRC nayo ni habari ya utelezi tu, haihusiani na kuvuja.

Aliyeandika orodha yenu aliichukua WRU akaiuza kwa jina la WR. Kwa anayefyeka nyasi zenye umande tofauti hiyo ni ndogo. Kwa anayesimama ndani ya maji ya handaki muda wa saa tatu, ndiyo inayotenga mguu mkavu na mguu uliolowa. Mkiagiza shehena mpya, tazameni pia kwamba toleo la 2022 la kiwango hicho limebadilisha WRU kuwa WPA, na likaongeza S6 na S7 kwa mabuti yaliyofaulu kipimo cha buti zima.

Hatukuishia kwenye lebo. Tuliyapima mabuti nje ya machimbo, kwa njia mnayoweza kuirudia hapo dukani kwenu. Buti kavu hujazwa gazeti kavu, hutiwa jiwe ndani lisielee, kisha husimamishwa kwenye ndoo yenye maji ya kina cha sentimita 8. Shingo la buti lenu lina sentimita 15, kwa hivyo maji hayana njia ya kuingilia juu. Kila baada ya dakika tano sehemu ya mbele hukunjwa kwa mkono mara kumi, kama mguu unavyojikunja ukitembea. Msiache hatua hii: buti linalozuia maji likiwa limetulia huweza kuvuja mara tu likikunjwa, na huko chini hakuna anayesimama kama mlingoti. Baada ya dakika 20 gazeti hutolewa na kukaguliwa.

Katika jozi 7 gazeti lililowa kwenye mkunjo wa vidole. Katika jozi 3 lililowa ubavuni mwa ulimi, kwa sababu kile kitambaa kinachounganisha ulimi na ngozi kimeshonwa hadi sentimita 6 tu kutoka chini. Maji ya kina cha kifundo cha mguu yanatosha kuingia hapo, hata ngozi iwe nzima namna gani.

Jozi 2 zilizobaki hatukuzitia ndooni, maana soli zake zilikuwa zimeanza kubanduka kabla ya kuvaliwa. Chini ya soli kuna duara dogo lililochorwa kama saa: tarakimu za katikati ni mwaka wa kutengenezwa, mshale ni mwezi. Zinasoma 2017. Tabaka la ndani la soli hizo ni poliurethini, na poliurethini ya aina ya esta huvunjwa na unyevu wenyewe. Maji hukata minyororo ya molekuli zake, na joto huharakisha kazi hiyo. Haingoji kuvaliwa, huanza ikiwa ndani ya boksi. Ghala la Pwani, lenye joto na unyevunyevu kaskazi na kusi, ni mahali pabaya mno pa kuweka soli kama hizo kwa miaka. Bonyezeni ubavu wa soli kwa kidole gumba: ikipukutika kama mkate mkavu, imekwisha. Fundi viatu hawezi kuiokoa, kwa kuwa gundi hushika uso na uso wenyewe ndio unaomomonyoka. Soli ikibanduka mtu akiwa katikati ya ngazi, mita kadhaa juu ya sakafu ya mwamba, hilo si jambo la kupunguziwa bei.

Kuna pia jambo ambalo lebo haisemi. Maji ya machimbo ya kale si maji ya mvua. Bara ya Kilifi, upande wa Vitengeni na Kinangoni, kulichimbwa madini ya risasi. Penye pairiti (madini ya chuma na salfa) katika mwamba, hewa na maji huigeuza ikatoa asidi ya salfuriki na tope la kutu lenye rangi ya chungwa. Hatusemi kila shimo liko hivyo, lakini palipo hivyo uzi wa nailoni wa mishono hulika, ndoano za kamba hushika kutu, na bamba la chuma ndani ya soli huoza pasipo kuonekana. Mchanga mwembamba nao huingia kati ya bitana na ngozi, na kila hatua huusugua kama msasa. Ndoano hizo za kamba zina ubaya mwingine: hunasa kwenye ngazi za waya. Buti la kuingia nalo shimoni linafaa liwe na matundu ya kawaida ya kamba, au lisiwe na kamba kabisa.

Na risasi ni sumu. Tope lenye vumbi la risasi likinywewa na bitana ya kitambaa haliondoki kwa kusuuzwa mara moja. Hufika nyumbani, likakauka, likawa vumbi sebuleni wanapocheza watoto. Buti la mpira lenye uso laini husuguliwa kwa brashi na maji papo hapo mlangoni mwa handaki, nje na ndani, na huachwa kwenye gunia lake. Kwetu sisi sababu hii peke yake ingetosha kuyakataa mabuti ya ngozi yenye bitana nene.

Mlitupa pia shauri la kubadilisha tuchukue yenye bitana ya neoprini, mpira laini unaohifadhi joto. Tunashukuru kwa nia hiyo, lakini hatuyataki. Joto la chini ya ardhi hukaribia wastani wa mwaka wa joto la juu yake. Katika machimbo ya Wales ni kiasi cha nyuzi 10, na neoprini huko huokoa vidole. Katika bara ya Kilifi hupita nyuzi 25. Mguu hutoa jasho, ngozi hulainika na kuwa nyeupe, malengelenge hutoka, na mtu aliyevaa buti lisilovuja hutoka akiwa amelowa vilevile. Utando unaopumua hausaidii sana hapo, kwa sababu mvuke hutoka tu ikiwa nje ni pakavu kuliko ndani, na hewa ya handaki imejaa unyevu.

Tunachoweza kupokea badala ya fedha ni gambuti za daraja la S5, zilizotengenezwa kwa mpira au poliurethini mpya ya kipande kimoja bila mshono, zinazofika chini kidogo ya goti. Kinga ya misumari iwe ya nyuzi ngumu za aramidi au, ikiwa ni ya chuma, iwe imefunikwa kabisa, maana mbao za zamani zilizoanguka hulala misumari ikitazama juu. Kisigino kiwe kimekatwa wima ili kishike kipandio cha ngazi. Soli bapa huteleza. Meno yawe na nafasi pana, yaliyobanana hujaa udongo na soli ikawa laini kama kigae. Kwa ukubwa, zipimwe zikiwa na soksi nene ya sufi: vidole vipate nafasi, lakini kisigino kisipande zaidi ya kiasi cha sentimita moja mtu akitembea, la sivyo tope hulivuta buti likabaki chini. Shavu la mguu lipimwe pia, kwani shingo pana mno huwa mdomo wa kukaribishia maji. Gambuti iliyojaa lita mbili huongeza kilo mbili kwa kila mguu.

Msiwaambie wateja wengine kwamba kuna buti la kuvukia maji yanayopita goti. Hakuna lililo salama kwa kazi hiyo. Dimbwi tulivu ndani ya handaki huweza kuwa mdomo wa shimo la wima lililojaa maji, na hatua haipigwi kabla ya fimbo kugusa mwamba.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora ufaao na maelezo anayohitaji ili zimfae. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Kwa hivyo tunaomba, ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii, mturejeshee fedha zote za jozi 12 pamoja na nauli ya mzigo, au mtuletee gambuti tulizozieleza, zenye tarehe ya kutengenezwa isiyopita miezi 12. Tunaomba pia muondoe maneno ya kutopitisha maji kwenye orodha yenu kwa kila buti lisilo na alama ya WR. Msipofanya hivyo tutalipeleka suala hili kwa Shirika la Viwango la Kenya, tukiambatanisha mabuti yenyewe.

Picha za lebo, za gazeti lililolowa na za soli, pamoja na nakala ya risiti, zimo ndani ya bahasha hii. Mabuti ya jozi zote 12 yamehifadhiwa kama yalivyo. Mnaweza kumtuma mtu wenu Malindi ayakague siku yoyote ya juma.

Wenu katika kutumikia wateja na usalama wao,

Katibu, kwa niaba ya kikundi