Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Watumia Maji

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana wa vitongoji vyote,

Mwaka jana tuliachana hapa na kilio kimoja: fedha ya ndoo za maji yote inaishia kwenye LUKU, yaani kununua umeme. Wengi mlitaka tununue pampu kubwa zaidi, na mimi nilikuwa upande huo. Hatukuinunua, na leo nina hakika ingetuongezea hasara.

Maji yetu tunayavuta Ziwa Tanganyika, na tenki liko kilimani, mita 100 juu ya ziwa. Kupandisha lita 1,000 hadi pale, hata kwa pampu isiyopoteza chochote, ni uniti 0.27 za umeme. Hizo tutazilipa daima, kwa sababu mlima haushushwi. Kamati ilitaka kujua tunalipa kiasi gani juu ya hapo.

Tulifunga bomba la kutokea tenki, tukasimamisha ndani mwanzi uliochorwa alama, fundi akaandika namba ya mita ya umeme, pampu ikawashwa saa moja. Ziliingia lita 20,000. Umeme uliolika ni uniti 14, wakati mlima peke yake unadai 5 na nusu. Pampu na mota nazo lazima zipoteze kidogo, lakini si kiasi hicho.

Sababu tulikuwa tunaipita kila siku. Vali ya mdomoni mwa pampu, pale maji yanapotokea, ilikuwa imebanwa. Mhudumu wetu alisema kweli: aliikuta hivyo, na akiifungua yote mota inapata moto mpaka swichi inajikata. Tukafunga geji mbili za presha, moja kabla ya vali, nyingine baada yake. Ya kwanza ilisoma bar 14, ya pili 10 na nusu; bar moja hupandisha maji kama mita 10. Nilisimama pale nikizitazama zile sindano na moyo uliniuma, kwa kuwa tofauti ile ndiyo ndoo za mama zetu. Maji yalikuwa yanapewa nguvu ya kupanda zaidi ya mita 140, kisha vali inawanyang'anya wanachama mita 35 kabla safari haijaanza. Ni sawa na kubeba magunia manne ya mahindi toka shambani na kumwaga moja mlangoni.

Aliyetufungia pampu alileta kubwa kuliko kazi, akaificha kwa kubana vali. Hatukuhitaji mpya. Ndani mna impela nne, yaani magurudumu yanayosukuma maji, kwenye shafti moja, na kila moja inachangia robo ya presha. Fundi alitoa moja, akaweka bushi, yaani kipande cha bomba kinachovaa shafti, kushika nafasi yake, akafungua vali yote. Lita ni zile zile 20,000 kwa saa. Umeme sasa ni uniti 10 na nusu. Kwa saa 10 za kazi, tunaokoa uniti 35 kila siku.

Wapo waliopendekeza kifaa cha kupunguza mwendo wa mota. Ni kifaa kizuri pale ambapo bomba ni refu na nchi ni tambarare, kwa sababu huko umeme unaliwa na msuguano: mwendo ukishuka kwa asilimia 20, umeme hushuka karibu nusu. Kwetu mzigo ni kimo. Kwa mwendo huo presha hubaki asilimia 64 tu, na maji yataishia katikati ya mlima huku pampu ikizunguka bure. Naomba tusitumie fedha huko.

Tangu ziwa lilipojaa miaka hii na tukahamisha pampu juu zaidi, upande wa kuvuta umekuwa mgumu. Chujio likizibwa na majani na vipande vya nyavu, pampu hulia kama inasaga changarawe, na impela huliwa. Sasa linasafishwa kila Jumamosi.

Mivujo ndiyo inayonisumbua bado. Saa nane usiku, magati yote ya kuchotea maji yakiwa yamefungwa, maji kwenye mwanzi yalikuwa yanashuka. Mvujo mkubwa kuliko yote waliuona akina mama wa kitongoji cha chini, si sisi wa kamati: majani mabichi kando ya barabara katikati ya kiangazi. Tulipochimba tulikuta kiungo kimepasuka pale lilipopita greda. Maji yale yalikuwa yamekwisha kupandishwa mita 100 kwa fedha zenu. Bado kipande cha kuelekea shuleni hatujakipima.

Mkutano huu naomba uridhie mambo mawili: vali za kugawa mtandao vipande vitatu, ili kila kimoja kipimwe usiku peke yake, na daftari la pampu liwe na safu mbili, lita na uniti, lisomwe kila mwezi kwenye gati mbele ya watu. Mhazini anazo bei za vali, atazisoma kabla hamjapiga kura.