Mume wangu anasema nilikuwa nahesabu chenji tu

Shikamoo shangazi. Sijalala. Sa hivi ni saa kumi kasoro alfajiri nimejificha jikoni na simu, taa nimezima asijue niko macho, na saa moja natakiwa niwe nimeshafungua kaunta, kwa hiyo nisamehe nikiandika ovyo ovyo.

Kuna neno nimeambiwa juzi usiku haliniondoki. "Wewe ulikuwa kivulini unahesabu chenji." Ukilisikia hivi hivi utaona ni neno dogo tu la watu wa nyumba moja, ndo maana nataka nikueleze lilipotokea.

Mimi ni keshia, duka kubwa, mwaka wa 11 huu. Nilianza kupakia wateja bidhaa kwenye mifuko. Supavaiza wetu aliondoka miezi sita iliyopita na tangu hapo kazi yake nafanya mimi, bila cheo bila nyongeza. Funguo za sefu ninazo mimi, kaunta zikipishana hesabu usiku nabaki mimi, kijana mpya akipiga bidhaa moja mara tatu akaanza kutetemeka mteja anamfokea naitwa mimi nifute risiti. Kila mtu alijua hiyo nafasi ni ya nani. Hata meneja alishawahi kuniambia subiri kidogo makaratasi yanakuja. Makaratasi yakaja kweli, ila yana jina la mtu mwingine.

Huyo mtu ametoka jeshini. Ana miezi minne dukani. Minne! Kampuni imeleta mpango mpya, ukiwa umetumikia jeshi ukatoka vizuri, kila miaka miwili ya jeshi inahesabiwa kama mwaka mmoja wa dukani, na kuna posho juu yake kila mwezi. Yeye alikaa jeshini miaka 14 kwa hiyo wamemwandikia saba. Sasa shangazi nisaidie hesabu mimi niliyezoea kuhesabu chenji, saba na miezi minne na 11 ipi kubwa? Nikaenda kuuliza, kwa adabu tu, sikupiga kelele watu wasije wakakwambia nilipiga kelele. Nikajibiwa kwamba siyo miaka peke yake, wameangalia na uzoefu wa kuongoza watu, alikuwa sajini alikuwa na watu chini yake. Nikanyamaza. Ila nilipofika kwenye kaunta nikajiuliza, hawa vijana wa kaunta sita wanaobadilika kila mara, ninaowafundisha kuanzia kuwasha mashine mpaka kumjibu mtu aliyekuja kurudisha kitu alichoshakitumia nusu, wao siyo watu?

Na usifikiri namchukia yule kaka. Ni mtu wa heshima, ananiita dada mbele ya wote. Kuna usiku mzigo ulikuja wa malori mawili kwa pamoja, stoo ilikuwa imejaa, wengine tumeshika viuno tunaangaliana, yeye akagawa watu, akatoa vya zamani mbele vipya akavisukuma nyuma, alfajiri stoo unapita bila kugonga mguu. Kuanzia siku hiyo vitu vya kuexpire kwenye rafu vimepungua, nasema kweli yangu. Lakini kufuta risiti nimemfundisha mimi. Kufunga hesabu nimemfundisha mimi, wiki nzima nachelewa kurudi nyumbani kwa ajili yake, sikujua namfundisha bosi wangu. Siku alipotangazwa alinifuata akaniambia dada mimi sikuomba. Ningependa angekuwa mjeuri, ingekuwa rahisi.

Basi nikarudi nyumbani nikamsimulia mume wangu nikitegemea atanipa pole. Akasema safi sana, hatimaye kuna watu wanatambua. Nikamwambia hujanisikia, ni nafasi yangu. Ndo akasema hilo neno, kwamba mwenzangu alikuwa anakesha lindoni kwenye mvua, wewe ulikuwa kivulini unahesabu chenji. Halafu akalala! Alilala shangazi, nikamsikia anakoroma.

Sasa inabidi ujue, na yeye alikuwa jeshini, miaka 16, mingi yake dereva halafu mtu wa stoo. Kwa hiyo mimi siyo mtu wa kuambiwa jeshi ni nini. Alivyotoka alizunguka na vyeti vyake kwenye maduka, kuna sehemu wakamwambia jeshi siyo uzoefu wa kazi, aanze na kubeba maboksi. Mtu aliyekuwa anahesabu stoku ya kambi nzima! Nililia naye usiku ule. Nilisema wazi kwamba ni dhuluma, mtu kajitolea mwili wake halafu karani wa ajira anamuuliza hiyo miaka yote ulikuwa unafanya nini. Nilisema hivyo na bado nasema hivyo, sijabadilika, watu wasiniambie nimebadilika kwa sababu imenigusa mimi.

Ila hiyo chenji, hiyo hiyo anayoidharau, ndo ililisha watoto mwaka mzima aliokaa bila kazi. Na kabla ya duka hili niliacha kazi mbili kwa sababu alihamishwa kambi. Ya pili nilikuwa nimeshaahidiwa kuwa msimamizi wa kaunta. Nilifunga mizigo nikamfuata. Hilo halimo kwenye cheti chochote.

Usiku nikikosa usingizi nasoma huko mtandaoni wenzetu wanafanyaje. Marekani kuna sheria ya mwaka 1994, ukiacha kazi yako ukaenda jeshini, ukirudi mwajiri anakurudisha pale ambapo ungekuwa umeshafika kama usingeondoka, na miaka yako inahesabika. Hiyo naikubali moyo mmoja, nafasi ilikuwa yake, alitoka akarudi. Huyu wetu hakuwahi kuacha kaunta hapa. Halafu nikawaza, mimi nani anirudishe pale ambapo ningekuwa nimefika kama nisingefuata uhamisho wa mume? Nikaendelea kusoma. Walmart, wale wenye maduka makubwa hukohuko Marekani, mwaka 2013 walitangaza kwamba aliyetoka jeshini kwa heshima, kama haujapita mwaka tangu atoke, watampa kazi. Wamesema kazi, afunguliwe mlango aingie, sikuona mahali wameandika atakaa kwenye kiti cha mwenzake. Na Starbucks, wale wa migahawa ya kahawa, mwaka huo huo waliahidi kuajiri watu 10,000 ndani ya miaka mitano, na wameandika waliotoka jeshini NA wenza wao. Hapo kwenye wenza nilisoma mara tatu. Kumbe kuna mahali mtu aliwaza kwamba kuna mke anafunga mizigo.

Na pointi za kuwabeba waliotoka jeshini kwenye usaili, hukohuko Marekani ziko tangu mwaka 1944, tano au kumi, lakini ni kwenye ajira za serikali. Mimi naona ndo mahali pake, aliyetumwa na nchi alipwe na nchi. Uingereza mwajiri anayesaidia watu wa jeshi anapewa tuzo, shaba, fedha mpaka dhahabu. Sawa, kampuni ipate dhahabu, kaka apate posho, sina neno. Lakini mbona shukrani ya taifa zima imekatwa kwenye nafasi ya keshia mmoja?

Nikimwambia mume wangu hivyo anasema naleta siasa. Nikamuuliza kwa upole kabisa, hiyo miaka ya jeshi mnayohesabiwa dukani ni tuzo ya ujuzi au ni ya mateso? Kama ni ya ujuzi wampime, mtu wa stoo za jeshi au wa mawasiliano ana vitu vingi anavijua vinafaa dukani, aonyeshe, na mimi nionyeshe vyangu, tukae mtihani mmoja. Kama ni ya mateso, hapo sibishani na mtu, ila mateso hayasaidii kujua kaunta namba nne imepungukiwa pesa kwa sababu gani. Akanijibu hesabu ndo unachojua. Unaona? Tumerudi kwenye chenji.

Sasa kilichonikosesha usingizi hasa. Wenzangu wameandika barua kwa uongozi, wanataka mpango wote ufutwe, posho na kuhesabiwa miaka. Wamesaini wengi, nafasi ya kwanza juu kabisa wameniachia mimi kwa sababu ndo wa siku nyingi, wanasema bila jina langu barua haina uzito. Inatakiwa ifike ofisini Ijumaa. Iko kwenye mkoba wangu hapa chini ya meza.

Na Alhamisi mume wangu ana usaili. Kampuni yetu hiyo hiyo, tawi lingine, nafasi ya msimamizi wa stoo, kupitia mpango huo huo. Fomu nilimletea mimi. Niliijaza mimi shangazi, kwa mkono wangu, wiki tatu zilizopita kabla nafasi yangu haijachukuliwa, pale kwenye miaka ya jeshi nikaandika 16 nikapiga mstari chini ionekane, na nikapiga hesabu kabisa kwamba itakuwa nane, na nikafurahi. Wenzangu kazini hawajui. Yeye hajui kuhusu barua. Kwa hiyo kabla hujaniita mnafiki nimeshajiita mwenyewe tangu saa saba usiku.

Ila tofauti ipo, ile nafasi ya stoo haikuwa na mtu anayeisubiri. Au labda ipo na mtu na mimi simjui, labda huko tawi lingine kuna dada ana miaka tisa anashika funguo. Nimejaribu kutolifikiria hilo.

Kuna wakati nasema nisaini, nimekula uchungu wa kutosha. Kuna wakati nasema nisisaini, apate, mshahara uingie nyumbani, heshima yake imrudie, aache kukaa na ile kofia yake ya zamani mezani. Kuna wakati, nisameheni, natamani akose ili ajue kusubiri kunakuwaje. Halafu naona aibu. Nimewaza pia kuwaambia wenzangu tuandike barua nyingine, posho ibaki ila kupanda cheo kila mtu apimwe sawa, lakini wana hasira hawatanisikiliza na wataniuliza kwa nini ghafla nimekuwa mpole, nitajibu nini?

Na sitaki ushauri wa kuacha kazi. Wala wa kumwacha mume, siyo mtu mbaya. Sihitaji hata aombe msamaha. Nataka tu aseme mara moja kwamba wakati yeye yuko lindoni na mimi nilikuwa lindoni kwangu. Nimwambieje hilo bila kuonekana namnyang'anya lake? Na nimwambie kabla ya Alhamisi, kichwa chake kiharibike kwenye usaili, au baada, wakati barua imeshakwenda?

Nasikia ameamka anatafuta viatu. Shangazi usitoe jina langu, na hapo kwenye kofia ukiweza paondoe, atajijua.