Malalamiko ya helikopta Nairobi yawe na saa, kimo na namba ya usajili

Kwa Mhariri,

Sisi wakazi wa South C, Nairobi West na Lang'ata tumezoea ndege. Uwanja wa ndege wa Wilson uko pale tangu enzi za ukoloni, kabla ya nyumba zetu nyingi kujengwa, na asiyetaka kabisa kusikia injini angetafuta nyumba kwingine. Ninazoandikia leo ni helikopta, ambazo hazilazimiki kufuata mstari wa barabara ya kurukia kama ndege nyingine, bali hukatiza juu ya mapaa kuelekea ziendako, hasa wikendi asubuhi waheshimiwa wanapokimbilia mazishi na harambee mashambani, na tena jioni wanaporejea. Inayobeba mgonjwa hatuna neno nayo.

Kasoro ni kwamba malalamiko yetu, jinsi yalivyo, hayawezi kumbana mtu yeyote. Katika kundi la WhatsApp la mtaa, mmoja ataandika kuwa chopa imepita chini mno, wengine wataongeza hasira zao, kisha mazungumzo yatahamia kwenye mgao wa maji. Tulipoiandikia ofisi moja ya umma, tuliulizwa namba ya usajili, saa, mwelekeo na kimo. Swali hilo liliwaudhi majirani wengi, lakini naliona la haki, kwa maana hakuna rubani atakayeitwa kujieleza kwa sababu ya "helikopta nyeupe ya juzi".

Mambo hayo yote yanaweza kupatikana bila gharama kubwa. Vyombo vingi vya anga hutangaza utambulisho wao, mahali vilipo na kimo chao kwa mawimbi ya redio ya megahezi 1090, kwa mfumo uitwao ADS-B. Kuyanasa mawimbi hayo kunahitaji kidude cha USB cha aina iliyotengenezwa awali kwa ajili ya kutazamia televisheni kwenye kompyuta, pamoja na kompyuta ndogo na antena iliyofungwa kando ya tangi la maji darini. Programu za simu zinazoonyesha ndege kwenye ramani, kama Flightradar24, hutegemea vifaa vya namna hii vilivyowekwa na watu wa kujitolea, ila huficha baadhi ya vyombo kwa ombi la wenyewe. Isitoshe, helikopta iliyo chini hukingwa na maghorofa ikiwa kifaa kiko mbali. Kifaa kilichoko mtaani kwenyewe ndicho kinachofaa.

Hata hivyo, kimo kinahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwani ndipo wengi watakapokosea. Kinachoonyeshwa si umbali kutoka paa lako. Ni kimo kinachokadiriwa kwa shinikizo la hewa, kikihesabiwa kutoka takriban usawa wa bahari, na Wilson yenyewe iko kama futi 5,500 juu ya usawa huo. Kwa hiyo helikopta inayosomeka futi 6,200 iko karibu futi 700 tu juu ya uwanja, na tofauti ya shinikizo la siku hiyo yaweza kuongeza au kupunguza mamia ya futi. Kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, hutaka chombo kinachopita juu ya makazi yenye msongamano kiwe angalau futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu zaidi kilicho ndani ya mita 600, isipokuwa kinapopaa, kinapotua au kikiwa na kibali. Sisi majirani wa uwanja tutajibiwa mara nyingi kwamba kilikuwa kinapaa, na mara nyingi jibu hilo litakuwa la kweli. Lakini inayozungukazunguka juu ya Kileleshwa, mtaa ulio mbali na uwanja, haina jibu hilo.

Kuhusu kupima sauti kwa simu, sina imani sana. Kanuni za kelele za 2009 zinaruhusu desibeli 50 nje ya makazi mchana na 35 usiku, lakini vipimo vya kawaida hupunguza uzito wa sauti nzito, na mapigo ya panga za helikopta ni sauti nzito, ile inayopenya ukuta na kutetemesha vioo huku simu ikionyesha namba isiyotisha. Afadhali kuandika saa na kuacha desibeli kwa wenye vyombo vya kitaalamu.

Liko pia suala la zile zisizotangaza chochote, ambazo tunazisikia waziwazi na ramani haina kitu. Hilo si la usingizi pekee, ni la usalama pia. Mjini Washington, helikopta ya jeshi iliyogongana na ndege ya abiria tarehe 29 Januari 2025, ajali iliyoua watu 67, haikuwa ikitangaza kwa ADS-B. Katika mji huohuo, ripoti ya wakaguzi wa bunge la Marekani ya 2021 ilikuwa imekwisha kubaini kwamba mamlaka ya anga na waendeshaji wa helikopta hawakuwa wakipashana vya kutosha taarifa za malalamiko ya kelele. Mkazi alilalamika hapa, mwenye helikopta akawa kule, na kati yao hapakuwa na njia.

Ombi langu kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA) ni fomu moja mtandaoni yenye nafasi za saa, mahali, mwelekeo, kimo na namba ya usajili, mlalamishi ajaze alicho nacho, nayo mamlaka ikamilishe kilichobaki kutoka rekodi za waongozaji ndege na kumjibu kama safari ile ilikuwa na kibali. Vyama vya wakazi navyo vichangie antena moja kwa kila mtaa, na kumbukumbu zake zihifadhiwe kwa mwezi mzima kabla ya kupelekwa kokote, ili helikopta ya dharura iliyopita mara moja isichanganywe na ile inayorudi kila Jumamosi.

Mkazi wa South C,
Nairobi