Mama yao kwanza: barua ya kazi ya rakuni kutoka Toronto

Toronto, Kanada, 20 Februari

Mdogo wangu Bakari,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itawakuta nyote hapo Tanga mu wazima, na Baba na Mama hawajambo. Sisi huku hatujambo, ila baridi bado haijatuachia. Utafika mwishoni mwa Machi, na hayo ndiyo majira ya rakuni kuzaa, magumu kuliko yote katika kazi hii. Nimeona nikuandikie mapema. Ufundi wa paa unao tayari. Kinachobaki ni kumjua mnyama. Na Mama umsomee, maana ameuliza mara nyingi kwa nini watu watulipe tuwatoe wanyama darini halafu tuwaache mtaani palepale.

Rakuni ni mnyama wa Amerika Kaskazini, kwetu hayupo. Mkubwa ana kilo 4 hadi 9, na wengine huzidi hapo wakinenepa kabla ya baridi. Ana utepe mweusi machoni, mkia wa pete, na vidole vya mbele vinavyopapasa na kufungua karibu kila kitu. Hutembea usiku, hupanda kwa bomba la gata au kwa mti ulioegemea nyumba. Jike hubeba mimba siku 63 hivi, akazaa watoto 2 hadi 5, wengi wao mwezi wa Aprili. Dume halei. Watoto huzaliwa wamefumba macho, wakayafumbua wiki ya tatu, na kabla ya wiki ya 8 hivi hawawezi kumfuata mama yao popote. Kwa hiyo kuanzia Machi hadi Julai, rakuni yeyote unayemkuta darini mchana mhesabu kuwa ni mama mwenye watoto mpaka uhakikishe vinginevyo.

Wenye nyumba wengi watakwambia, "Mtege, ukamtupe mbali msituni." Usikubali. Ukimchukua mama, watoto wanabaki ndani ya pamba ya kuzuia baridi wakilia kwa njaa mpaka wafe, na mwenye nyumba ataishi na uvundo. Yule mama naye utakuwa umemtupa mahali asipojua maji yako wapi wala pa kujificha, na penye rakuni wenye makao yao. Wengi hawadumu. Isitoshe, magonjwa husafiri na mnyama: Desemba 2015 kichaa cha mbwa cha rakuni kilizuka mji wa Hamilton, jirani na hapa, na serikali ikalazimika kumwaga chambo zenye chanjo kwa mkono na kwa ndege. Sheria ya Ontario, jimbo letu hili, ya mwaka 1997 ya uhifadhi wa samaki na wanyamapori imebana jambo hili: ukimkamata mnyama mwenye afya, sharti umwachie ndani ya saa 24, na si zaidi ya kilomita 1 kutoka ulipomkamatia. Hilo ndilo jibu la swali la Mama. Na mimi naiona sheria nzuri, kwa sababu tundu likiachwa wazi, rakuni mwingine ataingia tu.

Ukifika kwenye nyumba, zunguka nje kwanza. Tazama matundu ya hewa juu ya paa, pembe ambapo mapaa mawili yanakutana, mbao za chini ya upenu zilizooza, na dohani isiyo na kofia. Tafuta alama za matope kwenye bomba, manyoya kwenye kingo za tundu, vigae vya lami vilivyochanwa. Kama hujui tundu linatumika au la, lizibe kwa magazeti yaliyofinyangwa, bila kukaza. Yakikaa siku 3 hayajaguswa, na hali ya hewa ni nzuri, hakuna mtu ndani. Kipimo hiki hakifai wakati wa baridi kali, kwani rakuni anaweza kulala siku nyingi bila kutoka. Ukiziba Januari kwa kuamini gazeti, utakuwa umemfungia.

Njia nzuri kuliko zote ni ile isiyo na kazi: mshawishi mwenye nyumba asubiri wiki chache, mama atawahamisha mwenyewe watoto wakianza kutembea. Akikataa, jaribu kumkera mama kidogo. Weka taa darini karibu na kiota, na redio ya watu wanaozungumza, iwashwe mchana anapotaka kulala. Huwa ana maficho mengine, na atawahamishia huko. Mpe usiku 2 au 3, kwa sababu anabeba mtoto mmojammoja kwa mdomo. Usitumie amonia wala vidonge vya nondo (naftalini). Watu huviweka wakidhani mvuke utawafukuza. Mama anakimbia, watoto wasioweza kutambaa wanabaki wakiungua macho na mapafu. Vivyo hivyo usiwashe moto chini ya dohani.

Hayo yakishindikana, ndipo tunaingia wenyewe. Vaa glovu nene za ngozi, barakoa inayobana, na taa ya kichwani. Kanyaga mbao tu: dari za huku ni jasi, na mguu ukikosea utatokea sebuleni. Mara nyingi mama atatoka akisikia vishindo. Akikukabili, akainama na kunguruma, rudi nyuma taratibu, na kamwe usikae kati yake na tundu la kutokea. Watoto huwa pembeni kabisa, pale paa linaposhuka kukutana na ukuta, mahali pasipofikika kirahisi. Zima taa utulie dakika 10. Utasikia sauti nyembamba za kulialia. Funua pamba pole pole, uwatoe, halafu rudisha mkono upapase tena, na usikilize tena. Mtoto mmoja akisahaulika, mama atararua paa zima kumrudia, na hapo hasara ya mwenye nyumba ni kubwa kuliko ya mwanzo. Wavalie glovu hao watoto pia, hata kama ni wadogo kiasi cha kiganja. Mtu aking'atwa, idara ya afya inaweza kutaka mtoto auawe ili ubongo wake upimwe kichaa. Glovu inamlinda yeye kama inavyokulinda wewe.

Sasa sanduku. Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo soma mara mbili. Chukua sanduku la mbao au la katoni nzito, tandika taulo isiyo na nyuzi zinazoning'inia, maana vidole vyao hunasa. Weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, upande mmoja tu, ili mtoto akiona joto limezidi asogee upande wa pili. Chupa iliyogusana na ngozi inaunguza. Chupa iliyopoa ni mbaya zaidi, kwa sababu inawanyonya joto la mwili. Ibadilishe kila baada ya saa 3 au 4. Kifuniko kiwe chepesi, mama aweze kukifunua kwa mkono lakini watoto wasitambae nje. Liweke juu ya paa karibu na tundu kama pana usawa na mvua hainyeshi, au chini ya bomba analoshukia.

Kwenye tundu funga mlango wa njia moja: fremu ya wavu wa chuma yenye kibao kinachofunguka kwa nje na kujirudisha chenyewe. Kabla ya kuufunga, imarisha matundu mengine yote yaliyo dhaifu, kwani akikosa njia hii atatafuta nyingine usiku uleule. Akitoka hawezi kurudi, atawasikia watoto sandukuni, na atawachukua. Kati ya mtoto na mtoto inaweza kupita saa nzima au zaidi. Asubuhi ukikuta wawili wamebaki, usiseme amewatupa. Waingize ndani palipo na giza na joto, uwarudishe machweo. Mwambie mwenye nyumba azime taa za nje, afunge mbwa, na asisimame dirishani kutazama. Mama aliyeogopa hakaribii, na hili ndilo linaloharibu kazi nyingi zilizofanywa vizuri.

Usiku wa pili ukipita bila mama, au ukiwakuta wana jeraha, wamepoa, au wana mayai ya nzi kwenye manyoya, yanayoonekana kama punje ndogo nyeupe za mchele, hao wanahitaji kituo chenye kibali cha kulea wanyamapori. Wewe na mimi hatuna ruhusa ya kuwafuga. Tuna saa 24 za kuwafikisha. Katika muda huo kazi yako ni moja, joto. Usiwape chakula. Tumbo lililopoa halisagi, maziwa yatachacha humo na mtoto atavimba afe. Na maziwa ya ng'ombe usiwape hata wakipata joto, yanawaharisha mpaka wanakauka maji.

Mama yetu atataka kujua huko kituoni wanaleaje. Kwanza wanapimwa uzito na kupewa maji yenye chumvichumvi ya kurudisha nguvu. Kisha maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa watoto wa paka, yakianza mepesi na kukolezwa siku hadi siku. Kipimo ni kama asilimia 5 ya uzito kwa mlo mmoja: mwenye gramu 200 anapata mililita 10. Wachanga hula kila saa 3, usiku na mchana. Hunyweshwa wakiwa wamelala kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo. Ukimlaza chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yanaingia mapafuni na nimonia inamwua. Baada ya mlo husuguliwa chini ya mkia kwa kitambaa chenye uvuguvugu, maana hawawezi kujisaidia wenyewe bila kulambwa na mama. Hulelewa pamoja na wenzao, wala hawazungumzishwi wala kubembelezwa, kwa sababu rakuni aliyezoea watu hawezi kuachiwa huru. Huachiwa wakiwa na miezi 4 au 5, kabla baridi haijaanza. Ni kazi ya miezi, na bado haimfikii mama yao mwenyewe. Ndiyo maana nakusisitizia sanduku.

Kuziba hutakuwa na tabu nako. Wavu wa chuma uliochomelewa, wenye waya wa unene wa geji 16, upite kingo za tundu kwa sentimita 15 kila upande, ushikwe kwa skrubu na washa, si misumari. Chini ya baraza, uzike wavu sentimita 30 kwenda chini na uukunje sentimita 30 kwenda nje, ili achimbaye aukute.

Kinyesi chao ndicho ninachokiogopa kuliko meno. Kina mayai ya mnyoo unaoweza kuingia kwenye ubongo wa mtu, hasa mtoto anayeweka mikono mdomoni. Mayai huanza kuwa hatari baada ya wiki 2 hadi 4, na hudumu miaka. Dawa ya klorini haiyaui. Maji yanayochemka yanayaua. Kilowanishe kwanza vumbi lisipae, kichote na pamba iliyochafuka, funga katika mifuko miwili, kisha mwaga maji ya moto panapostahimili.

Glovu na barakoa utazikuta huku, usibebe. Lete viatu vyako vya kupandia paa, kwa kuwa vya hapa ni ghali, na cheti chako cha ufundi. Uliza mapema hospitali kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa ya kujikinga. Usipoipata huko tutaanza nayo wiki utakayofika, kabla hujagusa ngazi.

Wasalimie Baba, Mama, Shangazi, na watoto wote wa Mjomba.

Dada yako,
Mwanaidi