Pikapu ya mzigo haisawazishwi ikiwa tupu

Mhariri,

Picha za pikapu zilizoinuliwa kwa springi ndefu au spesa zimekuwa nyingi kwenye kurasa zenu za magari, na chini ya kila picha huandikwa inchi na bei, basi. Mzigo hautajwi. Mimi nauza matunda hapa Malindi, na Hilux yangu hushinda kati ya soko na mashamba ya Marafa: maembe, nanasi, na tikiti msimu wake ukifika. Vijana wanaoniendeshea wameziona picha hizo na sasa wananishawishi gari "likae sawa", yaani pua ipande ilingane na nyuma. Siwalaumu, linapendeza kweli. Ila hakuna aliyewaeleza kwa nini lilitoka kiwandani limeinama mbele.

Liliinamishwa makusudi. Nyuma ya pikapu kuna springi za mabapa yaliyolaliana, nazo zimeachwa juu zikingoja mzigo. Ukipakia zinashuka, gari linakaa sawa au linakaribia. Usiniamini mimi, chukua futi. Mimi nilitumia ile ya kushonea. Egesha mahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi ukipungua hesabu yote imeharibika. Langu likiwa tupu lilisoma sentimita 49 mbele na 53 nyuma. Tulipopakia kreti za maembe, nyuma ilishuka ikawa 46 na mbele ikapanda ikawa 50. Sasa mtu akitia spesa, yaani vipande vya kuongezea urefu juu ya shokomzoba, za kunyanyua mbele sentimita 4 ili gari lipendeze likizurura mjini tupu, siku ya maembe pua itaizidi nyuma kwa sentimita 8, kama jahazi lililopakiwa shehena yote tezini.

Hapo mambo hayaishii kwenye sura. Taa za mbele zinaiacha barabara na kumulika macho ya watu. Anayetoka Mambrui usiku akakutana na pikapu ya namna hiyo karibu na daraja la Sabaki anajua ninachosema, hasa akiwa kwenye tuktuk au bodaboda. Usukani nao unakuwa mwepesi kupita kiasi, kwa kuwa uzito umehamia nyuma.

Kuna na jambo la breki ambalo nashangaa halisemwi. Pikapu nyingi za aina yangu zina valvu ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Nyuma ikishuka kwa mzigo, fimbo huisukuma valvu na breki za nyuma hupewa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, nguvu hupunguzwa ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Ukiinua nyuma kwa springi ndefu, au kwa vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya springi na ekseli, bila kuigusa fimbo ile, valvu itadhani gari ni jepesi kuliko lilivyo. Umebeba nanasi hadi juu na breki za nyuma zinafanya kazi nusu nusu. Kuirekebisha fimbo si kazi kubwa, lakini fundi lazima ajue kwamba ipo.

Nilipoamua kubadilisha springi zilizochoka, nilikwenda kwanza gereji moja ambayo sitaitaja. Kijana akaniandalia mwinuko wa inchi 4. Nikamuuliza, "Springi hizi zimetengenezwa kubeba kilo ngapi, mwanangu?"

"Mama, hizi ni za kazi ngumu."

"Kilo ngapi?"

Akacheka, akaniambia nikipita nazo barabarani nitapendeza. Kwa umri wangu huu, nipendeze kwa springi! Nikamshukuru nikaenda zangu.

Swali lile ndilo la kuanzia, na springi zenye heshima zake zina jibu. Kampuni kubwa za Australia, kwa mfano wanaotengeneza Old Man Emu, hutoa springi tofauti kwa gari lile lile: za asiyebeba kitu, za mwenye mzigo wa wastani, za mwenye mzigo mzito wa kudumu, na za mbele huchaguliwa kwa kuangalia kama umefunga bampa la chuma na winchi au la. Chukua za mzigo mzito huku unarudi tupu kila mara, na nyuma itakurusha kwenye vijimatuta vya njia ya vumbi mpaka magurudumu yaache kushika ardhi. Chukua nyepesi mno, zitalala baada ya miezi miwili. Wapo wanaoshauri mifuko ya hewa isaidie springi za nyuma. Kwenye lami sawa. Kwenye makorongo ya ndani ya Magarini, na hasa pikapu ya milango minne yenye mzigo uliotokeza nyuma ya ekseli, mifuko hiyo huelekeza nguvu zote sehemu moja ya chesisi, na chesisi zimewahi kupinda kwa njia hiyo.

Inchi 4 zenyewe nilizikataa kwa sababu nyingine. Mbele ya Hilux za siku hizi kila gurudumu lina mkono wake na ekseli fupi yenye viungo vilivyofunikwa kwa mipira. Ukiinua, ekseli hizo zinakaa kwa pembe kali. Mipira inachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia. Bolijointi nazo, vile viungo vinavyoshikanisha gurudumu na mikono, zinafika mwisho wa mwendo wake. Mafundi waangalifu husimama kwenye sentimita 5 hivi, na wakizidi hapo hutaka kubadilisha mikono ya juu. Spesa pia zina udanganyifu wake: ya inchi moja ikifungwa juu ya shokomzoba huinua gari karibu inchi mbili, kwa sababu shokomzoba imeshikwa ndani kwenye mkono wa chini, haipo kwenye gurudumu lenyewe.

Sisi wa pwani tuna jaribio letu la ziada, chumvi. Kabla hujalipa hata shilingi, mwambie fundi ajaribu kuzifungua boliti za mikono ya chini ya mbele, zile zinazozungushwa wakati wa kufanya alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu. Kwenye magari ya hapa huota kutu zikashikana na bushi zake, hazizunguki hata upige nyundo. Gari likishainuliwa alaimenti ni lazima, na boliti zikigoma haifanyiki, na tairi zinaliwa upande mmoja. Zangu mbili zilikatwa kwa msumeno. Gharama ya boliti na bushi mpya iwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Halafu kuna hili la kusema gari likiinuliwa litaweza "kupita juu ya visiki". Chuma kilicho chini kabisa nyuma ya pikapu ni difu, lile bonge lenye gia za kuzungusha magurudumu, nayo iko kwenye ekseli. Inua chesisi utakavyo, difu itabaki palepale, maana inayoibeba ni tairi. Kutoka tairi ya 265/65 R17 kwenda 265/70 R17 unapata milimita 13 tu chini ya difu, na saa ya mwendo inaanza kusoma pungufu kwa zaidi ya asilimia 3. Kwenye mchanga wa Ngomeni kupunguza upepo wa tairi kutakusaidia kuliko inchi zozote, na ni bure. Hata magari ya Rhino Charge, mashindano yaliyoanza 1989 na ambayo vijana wangu wanayaabudu, hushindania umbali mfupi zaidi, si kasi. Magari yale yamejengwa kwa shughuli ile. Hayabebi tikiti.

Mwishowe mzee mmoja fundi alinifungia mbele springi za kuinua sentimita 4, nyuma springi mpya za mzigo wa wastani zilizo juu kuliko za zamani, shokomzoba nne za kulingana nazo, na akairekebisha ile fimbo ya breki. Likiwa tupu bado limeinama mbele na vijana wangu bado wananuna. Likipakiwa linakaa sawa, na taa zinamulika barabara. Kampuni ya bima nimeiarifu. Gari la biashara hukaguliwa kila mwaka na sitaki maelezo mapya kila mkaguzi anapoinama chini yake.

Ombi langu ni dogo. Mkichapisha pikapu iliyoinuliwa, andikeni springi zake ni za kilo ngapi na kama alaimenti ilifanyika, na mpige picha mbili, tupu na yenye mzigo. Mkikosa gari la kupiga picha, langu hushusha matunda sokoni alfajiri. Mje mapema, wachuuzi hawangoji mpiga picha.

Mama Matunda,
Malindi