Barua ya malalamiko: gari kukosa nguvu baada ya injini kufumuliwa

Kimara,
Dar es Salaam.
14 Julai

Meneja wa Gereji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU INJINI YA 5A-FE, TOYOTA CARINA TI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Gari langu mlilipokea tarehe 6 Mei likitoa moshi wa bluu na kunywa oili kupita kiasi. Tulikubaliana mfumue injini na kuisuka upya: ringi, sili za valvu, gasketi ya hedi na taimingi belti mpya, kwa shilingi 1,850,000, vifaa na ufundi humohumo. Siku nane mlizoahidi zikawa ishirini na tatu. Hilo silalamikii, ahadi za gereji sote tunazijua. Nililipa yote, nikapewa risiti ya EFD na karatasi yenye muhuri wenu inayotaja dhamana ya miezi mitatu.

Moshi uliisha, na kwa hilo nashukuru. Lakini tangu siku ile ukikanyaga mafuta injini inaguna kwanza, kama mtu aliyeamshwa usingizini, halafu ndipo inavuta, tena kivivu. Kwenye foleni ya Ubungo huwezi kugundua kitu. Njoo uingie Barabara ya Morogoro kutokea barabara ya mtaani, mabasi yanashuka kwa kasi na gari linajivuta: hapo utanielewa. Na lita moja iliyokuwa ikinipeleka kilomita 12 sasa inaishia 8.

Nilirudi kwenu mara tatu. Mara ya kwanza msimamizi wa karakana alisema injini bado ngeni, niiendeshe kilomita 1,000 itafunguka. Nikazimaliza. Ni kweli ringi mpya zinahitaji muda wa kukaa, ila sijaona ringi zinazoifanya injini isite kila unapogusa mafuta. Mara ya pili ikawa pampu ya mafuta imechoka. Nikanunua nyingine hapohapo kwenu kwa shilingi 180,000 na kulipa 30,000 ya ufundi. Gari likabaki vilevile. Mara ya tatu nikaambiwa tuanze kufikiria gia boksi. Gia boksi! Gari lililoingia kwenu likibadili gia bila hata kushtuka.

Tarehe 5 Julai nilikuwa nampeleka mama mkwe Iringa. Kwenye mlima Kitonga nimekanyaga mafuta hadi kwenye zulia, mshale umeganda kwenye 30, Fuso lililosheheni vitunguu vya Ruaha Mbuyuni likanipita. Utingo aliyekuwa juu ya magunia akanipungia mkono. Mama mkwe si mtu wa maneno mengi, lakini aliuliza, "Baba, si ulisema limetengenezwa?" Sikuwa na jibu.

Jibu nililipata Iringa kesho yake, kwa fundi mmoja mwenye kibanda cha mabati na vifaa vichache. Hakuanza kwa kutaja kifaa cha kununua. Alipima kompresheni kwanza, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda: zote nne zinalingana. Nasema kwa haki, ringi na hedi mlizifanya vizuri. Kisha akafungua kile kisanduku cheusi chini ya boneti, akaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, akamulika puli ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, kwa taa ya taimingi, inayoonyesha cheche inapigwa wakati gani. Injini hii ikiwa imeshapata moto na inanguruma bila kukanyagwa mafuta, waya ukiwa umeunganishwa hivyo, cheche inatakiwa ipigwe digrii 10 kabla pistoni haijafika juu. Yangu ilikuwa inagonga kwenye 2, labda 3. Akashika spana namba 12 ili aisogeze distributa, kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwenye plagi, kisha akacheka. "Njoo uone mwenyewe, mzee." Distributa ilikuwa imeshazungushwa mpaka mwisho wa tundu la bolti. Haikuwa na pa kwenda tena, na alama bado haijafika.

Akafungua kava la juu la taimingi belti, akaleta krenki kwenye sifuri. Tundu la puli ya kemshafti, shafti inayofungua valvu, halikukutana na alama yake. Mkanda huo, unaozifunga krenki na kemshafti zizunguke pamoja, ulikuwa umefungwa umepishana jino moja.

Jino moja tu, Ndugu Meneja. Valvu zinachelewa kufunguka na kuchelewa kufunga, injini inakosa pumzi kwenye mzunguko wa chini, na mvuto wa hewa kwenye manifodi, bomba linalopeleka hewa kwenye silinda, unapungua. Sensa inayopima mvuto huo inadhani gari limebeba mzigo, kompyuta inaongeza mafuta. Ndiyo hizo kilomita nne zangu zilizopotea kwa kila lita. Alirudisha mkanda mahali pake, akaweka taimingi kwenye 10, akakaza na waya wa eksileta mliouacha umelegea kiasi kwamba pedali ikifika chini throto, mlango wa kuingizia hewa, haijafunguka yote. Kazi ya saa mbili, shilingi 85,000. Nilirudi Dar es Salaam nikipita malori kwa raha zangu.

Kukosea jino moja nawasamehe, hata fundi mzuri anakosea, mkanda ukivutwa unaweza kusogea wakati wa kukaza. Kinachoniuma ni ile distributa. Haikujizungusha yenyewe hadi mwisho. Kuna mtu pale kwenu aliyewasha injini, akaona inachelewa, na badala ya kurudi kwenye mkanda akaifukuza kwa distributa mpaka ilipogoma, kisha akaniuzia pampu. Picha za alama zote mbili, kabla na baada, nimeziambatanisha, pamoja na risiti ya Iringa.

Naomba nirudishiwe shilingi 210,000 za pampu na ufundi wake, na 85,000 za Iringa, jumla 295,000. Gharama za mafuta yaliyopotea sizidai. Naomba pia dhamana ianze kuhesabiwa upya kuanzia tarehe 6 Julai, kwa maandishi, kwani kabla ya hapo injini haikuwa imemalizwa kufungwa. Msimamizi wa karakana asije akaniambia kuwa dhamana imekufa kwa sababu fundi mwingine ameigusa; niliwaletea mara tatu.

Nasubiri majibu yenu ndani ya siku 14. Nisipoyapata nitapeleka nakala ya barua hii Tume ya Ushindani, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeikabidhi pia kazi ya kumlinda mlaji.

Na pampu yangu ya zamani, ile mliyosema imechoka, hamkunirudishia. Iwekeni kwenye mfuko, nitaipitia Jumamosi.

Wenu,
Mteja, mwenye Carina Ti nyeupe